Funguo kumi na nne na ubao mmoja

Siku nilipokabidhiwa jumba la michezo niliendeshe, walinipa funguo 14 zimefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Tano zilifungua kitu. Mbili zilikuwa za makufuli yaliyokwisha kukatwa kwa msumeno, na zile saba zilizobaki mpaka leo sijui ni za mlango gani. Nilizitunza miaka yote tisa, kwa sababu ziliandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano na nilijua siku ya kuondoka kuna mtu atazihesabu. Alizihesabu kweli, mara mbili.

Jumba lenyewe ni la komini, yaani manispaa ya sehemu moja ya mji. Komini ipi sitaitaja. Hapa Lubumbashi, Kongo, zipo saba, na wakaaji wa kartiye, yaani mtaa, wataitambua kwa habari ya pisini (bwawa la kuogelea) tu. Kuna ukumbi mkubwa wa paa la mabati, kiwanja cha basketi nje, chumba cha kuinulia vyuma, pisini ya mita 25, na vyoo vinne ambavyo viwili ndivyo vyoo. Mimi nilikuwa mchezaji wa basketi, kisha mwalimu wa michezo wa sekondari, kisha siku moja nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia kesho wewe ndiye jerante, msimamizi wa jumba. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuendesha kitu. Nilikuwa nimewahi kuendesha timu ya wasichana kumi na wawili, nikadhani inatosha.

Watu wa umri wangu hapa mjini tumekulia kwenye michezo ya kompani. Union Minière, kompani ya kuchimba shaba, ilitaifishwa mwanzoni mwa 1967, baadaye ikawa Gécamines, na kwa mama yangu jina lilibaki lilelile: kompani. Ilitoa nyumba, dawa, masomo, unga, na serkle pia, mahali pa kucheza, kuangalia sinema na kufanyia arusi. Hata Jumamosi tunaiita siku ya posho, kwa sababu ndiyo siku baba alirudi na mgao wa chakula begani. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisikia "jumba la michezo" anafikiria kitu ambacho mkubwa fulani anakitoa, anakifagia, anakilipia taa. Kompani ilipopungua nguvu, macho yakahamia kwa Leta, yaani serikali. Na habari ya Leta watu husema: kintu ya Leta haina mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la moyo mzuri. Nilifungua bure. Niliona mama wa soko anatozwa taksi, yaani ushuru: taksi ya meza, taksi ya usafi, taksi ya sijui nini, sasa alipe tena kuingia kwenye kitu chake? Nikaandika getini kwa rangi nyekundu: KUINGIA BURE, WATU WOTE. Mwezi wa kwanza watu walijaa mpaka nikawa napita mjini kifua mbele.

Mwezi wa tatu nikaanza kuangalia ni nani hasa waliojaa. Walikuwa vijana wa kiume wenye mabega, walewale kila siku. Walifika saa 3 asubuhi wakakaa mpaka jioni. Benchi la vyuma lilikuwa lao, kioo chao, hata kivuli cha mwembe chao. Wamama waliokuja wiki ya kwanza hawakurudi. Mmoja nilimkuta sokoni anafunga mafungu ya mboga ya lengalenga, nikamuuliza kulikoni. Akacheka: "Mama, kule ni kwa bale batoto. Siye tutasimama wapi?" Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Alichungulia mlangoni, akaona hapana pa kuweka mguu, akarudi kwake.

Nikaweka faranga 500 kwa mtu mzima, watoto bure baada ya masomo mpaka saa 11 jioni. Kelele zilizuka, bila shaka. "Juu ya nini tulipe kintu ya Leta?" Sikuwa na jibu mpaka nilipopigilia karatasi ukutani. Kila Jumatatu: iliyoingia, iliyotoka. Ile ya kwanza naikumbuka kwa moyo. Iliingia 61,500. Sabuni na dawa ya choo 14,000, balbu mbili 9,000, kuziba mpira 2,500, chaki 1,000, kwa mweka hazina wa komini 35,000. Watu walisoma wamesimama, midomo inatembea. Wiki ya nne mtoto mmoja, miaka kumi na miwili hivi, alibisha ofisini: "Mama, hapa umekosea mia tano." Nilikuwa nimekosea kweli. Tangu siku hiyo kila Jumatatu alipita kunikagua kabla ya kwenda kwenye mpira, na nakiri nilimwogopa kuliko mkaguzi yeyote mwenye koti.

Juu ya fedha kuna jambo moja la kusema, kisha nitapita. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa komini uhai wake mbele ya sheria, mali yake na bajeti yake. Karatasini ni jambo zuri. Kwangu ilimaanisha kwamba kila faranga ya getini ni ya komini, inapelekwa kwa mweka hazina, na nikitaka balbu naandika barua. Barua ya kwanza ya balbu ilichukua wiki tatu, na nauli ya kuifuatilia ilizidi bei ya balbu. Niliomba, nikaomba tena, mpaka nikapata karatasi yenye sahihi inayoniruhusu kubakiza sehemu ya mapato kwa mahitaji madogo, mradi yaandikwe kwenye daftari. Karatasi ile niliitia kwenye plastiki. Ingeungua ofisi, ningeichukua hiyo kwanza.

Kazi yenyewe nilifundishwa na ubao. Ulikuwa ubao wa darasani, nilioukuta stoo, nikaupigilia karibu na geti na kuuchora mistari kwa rangi nyeupe: siku saba kwenda kulia, saa kwenda chini, kutoka saa 11 na nusu alfajiri mpaka saa 2 usiku. Katika kila kijumba, jina la chaki. Nilifikiri ni msaada wa kumbukumbu tu. Kabla mwezi haujaisha, watu waligombana mbele ya ule ubao kuliko walivyopigana kwenye ndondi.

Maana ukumbi ni mmoja na jioni ni moja. Kutoka saa 11 mpaka saa 1 usiku ndipo watu wametoka kazini, jua limepoa, na mwanzoni mwanga bado upo hata kama umeme hakuna. Saa mbili, mara siku sita: saa 12 kwa wiki kwa komini nzima. Na wanaozitaka ni karate, ndondi, basketi ya wasichana, basketi ya wavulana, voliboli, kwaya mbili, kamati za arusi na chama chochote chenye mkutano. Nilipokea jumba, nikagundua kwamba nilichopewa kugawa ni zile saa 12. Kuta zilikuwa sanduku la kuziwekea.

Mwalimu wa karate alikuwa na jioni nne. Alizipata kabla yangu na kabla ya aliyenitangulia. Kwake zilikuwa shamba la urithi. Kumwambia aachie mbili ilikuwa kama kumwambia avue mkanda. Sikubishana naye. Kwa wiki sita niliingia kila jioni dakika ya ishirini, nikahesabu vichwa, na namba nikaiandika ubaoni chini ya jina. Karate: 14. Karate: 11. Karate: 16. Wasichana wa basketi, ambao hawakuwa na saa na walicheza nje mpaka giza: 31. Sikuandika neno lolote, namba tu. Wiki ya saba alikuja mwenyewe kuniuliza nataka nini. Alibaki na jioni mbili, na mpaka leo tukikutana anaangalia viatu vyake.

Lakini basketi walikuwa na kocha wa kuwasemea. Kilichonichukua muda mrefu kukiona ni kwamba waliokuja ofisini kuomba saa walikuwa wote wana mhuri. Hapa kwetu mtu anaweza kukosa mpira, akakosa wachezaji, lakini mhuri hakosi. Anaingia na barua yenye kichwa, katibu nyuma yake, "Mama jerante, tunaheshimu kuomba..." Mwenye mhuri anapata saa. Mwenye kisukari hana mhuri. Mama wa lengalenga hana mhuri. Kama ningeendelea kugawa kwa wanaoomba, ubao ungejaa haki tupu na jumba lingebaki la watu walewale. Ndipo nikaanza kuacha vijumba vitupu kwa makusudi, na kutoka kwenda kutafuta wa kuvijaza.

Wamama wa soko waliniambia saa yao ni moja tu, kabla ya kwenda kuchukua bidhaa. Saa 11 na nusu alfajiri. Nani atafungua saa hizo? Mimi. Mwezi wa sita, baridi ya huku Katanga inauma masikio, sita walifika wamejifunga bikwembe, yaani vitenge, juu ya suruali za watoto wao, wakasimama karibu na mlango kana kwamba wamekuja kushtaki. Kulikuwa na sharti lao moja: mwanaume asiingie, na Papa mlinzi ageuze mgongo. Aligeuza. Mmoja akaweka simu yake ndani ya ndoo tupu ili muziki usikike, wakaanza. Walicheka zaidi ya kuruka. Mwaka uliofuata walifika hamsini, na vikwembe vilining'inia kwenye kamba ya voliboli kutoka nguzo hadi nguzo kama duka.

Wazee nao ni habari nyingine. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kuanzia mwaka 2003 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na wengi wamezeekea kwenye kartiye zetu, na tansio (presha ya damu), na sukari, na magoti. Niliwapa Jumanne na Alhamisi asubuhi, bure. Muuguzi wa kituo cha jirani alikubali kuja na mashine ya kupimia tansio. Nikawaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mmoja wao akaniangalia kwa huruma. "Mama, dakika mia moja makumi tano? Ile tulitembea kwenda kazi tu."

Walianza kwa kutembea kuzunguka kiwanja cha basketi. Kiwanja ni mita 28 kwa 15, kwa hiyo mizunguko 12 ni kilomita moja na kidogo. Tatizo lilikuwa kuhesabu, maana walizungumza njiani na kupoteza hesabu, kisha wakabishana kama vijana. Kambo mmoja, yaani babu, akapata dawa. Alikuja na punje 12 za maharage katika mfuko wa kulia wa koti, kila mzunguko akihamisha moja kwenda mfuko wa kushoto. Akimaliza, anapiga mfuko wa kushoto, anakaa. Baada ya mwezi wote walikuwa na maharage.

Sitajifanya kwamba kila saa niliyogawa niliigawa vizuri. Kanisa moja lilitaka Jumapili nzima na jioni tatu, likaahidi dola ambazo kwa mwezi zilizidi mia tano tano zote za getini. Niliwapa Jumapili asubuhi, jioni nikakataa. Wakuu wangu walikasirika, na hawakuwa wajinga: fedha ile ingeziba paa. Paa lilivuja misimu mitatu ya mvua. Kuanzia mwezi wa 11 wasichana walicheza basketi ndani wakikwepa ndoo, na mmoja aliteleza akavunjika mkono. Siku hiyo nilipoketi na mama yake pale kituo cha afya nilijiuliza ni nini hasa nilichokuwa nalinda. Bado najiuliza.

Kuhusu vyombo vya mazoezi sina mengi. Tuliletewa mashine mbili za kukimbilia, kwa hotuba na kukata utepe. Umeme ukishuka, zinazima. Ukirudi kwa nguvu, zinaungua. Moja iliungua wiki ya pili, ya pili ikawa ya kutundikia taulo. Wakati huohuo fundi wa kuchomelea pale kona alitutengenezea vyuma kwa gia za malori na mabomba ya kale, na vijana wakamimina saruji kwenye makopo ya maziwa. Mji huu ulijengwa juu ya madini ya shaba. Kuagiza chuma kutoka ng'ambo ili mtu akiinue ni jambo ambalo baba yangu angelicheka mpaka kukohoa.

Sasa Papa mlinzi.

Mwaka wa pili niliona mapato ya jioni yanashuka na ukumbi haushuki. Sikutaka kuamini. Siku moja ya karate nikapita mlangoni, na pale mlangoni, kama kawaida ya karate, viatu. Nikainama kana kwamba nafunga kamba, nikahesabu. Jozi 43, maana siku hiyo walikuwa na wageni wa klabu nyingine. Nikaenda getini kuangalia kitabu cha risiti: 19. Nilirudi siku nyingine mbili, viatu na risiti, risiti na viatu. Haikulingana hata mara moja.

Nilimwita. Alikuwa mtu mzima kunipita, nilimwita Papa tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimeandaa maneno. Alinitangulia. "Mama, miezi ngapi sijapata mushahara?" Nilijua. Ilikuwa mitano. Wangu mwenyewe ulikuwa mitatu. Akasema yale ya pembeni alinunua unga, na kama nataka daftari lake analo, ameandika yote. Analo kweli! Ameandika tarehe na kiasi, kwa mwandiko wa shule ya mapadri, kusudi siku mshahara ukitoka akatwe. Sikujua nicheke au nilie.

Mwenye kusoma hapa anatarajia niseme nilimfukuza au nilimsamehe. Nilichukua daftari lake nikaliambatanisha na langu, nikaenda nalo komini, nikasema: hivi ndivyo jumba lenu linavyolipa mishahara kwa sasa, mnapenda iendelee hivi, au tuandike? Walikunja uso. Baada ya majuma kadhaa tukapata ruhusa ya kutoa posho ndogo ya kila wiki kwa watu wanne kutoka mapato, ionekane ukutani pamoja na sabuni na balbu. Watu waliposoma "mlinzi 10,000" hakuna aliyelalamika. Viatu na risiti vilikaribiana. Havikulingana kabisa, na mimi sikuinama tena kufunga kamba.

Nimekuwa nikiizunguka pisini. Basi.

Niliikuta kavu, nyasi zimeota kati ya vigae, chini kuna tairi. Mwaka wa tatu ilikuja sherehe, wageni wakubwa, na mkuu wa wakati ule alitaka maji ya buluu nyuma yake kwenye picha. Ningeweza kumtupia yeye yote, lakini nami nilitaka. Nilitaka kusikia ile sauti ya mtoto akijitupa majini.

Hesabu nilizifanya baadaye, nazo ndizo za kufanya kwanza. Urefu mita 25, upana 10, kina cha wastani moja na nusu: lita 375,000. Bomba letu lilitoa maji usiku tu, kwa hiyo kujaza kulichukua siku tisa. Kloro inatakiwa ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Kuifikisha mbili, kwa unga wenye nguvu ya 65 mpaka 70 kwa mia, ni zaidi ya kilo moja kwa mara moja, na jua linaila. Pisini iliyo wazi, bila dawa ya kuikinga kloro, utatia asubuhi na mchana utakuta imekwisha. Na hata ukitia, maji yakisimama yamekufa. Yanatakiwa kuzunguka kupitia kichujio cha mchanga saa baada ya saa, na kinachoyazungusha ni pampu, na pampu inakula umeme. Umeme ulikatika siku ya nne baada ya sherehe. Siku ya saba maji yalikuwa ya kijani na vigae vya chini sikuviona tena.

Tulifunga kwa kamba. Kamba! Mbele ya watoto, mwezi wa 10, joto la kabla ya mvua. Siku ya nane, mchana, waliingia kwa tundu la ukuta. Nilikuwa ofisini naandika. Kijana mmoja mkubwa alikuwa anatembea majini akakanyaga kitu laini, na hicho kitu kilikuwa mkono. Alipiga mbizi akamvuta mtoto. Nilipofika mtoto alikuwa juu ya saruji, anatapika maji ya kijani, kisha akalia, na kilio kile ndicho sauti nzuri kuliko zote nilizosikia mahali pale. Alipona. Maji yangekuwa meupe tungemwona kutoka getini. Katika maji yale angekaa mpaka aelee.

Usiku uleule nilifungua tundu la chini. Lita 375,000 zilitoka mtaroni, zikashuka barabarani, na wamama wa kartiye, ambao hupanga foleni na bidoni, yaani madumu, za njano kwa lita ishirini, walitoka kuyakinga yale maji mabovu kwa ajili ya kufyatulia matofali. Walikinga mpaka alfajiri. Walipita mbele yangu wakiwa na bidoni kichwani, wakaniamkia kwa heshima, "Mama, jambo." Hakuna aliyesema zaidi. Ningependa wangetukana.

Baada ya hapo pisini ilikaa kavu na mimi niliipitia mbali. Waliotafuta matumizi yake ni wasichana. Jioni moja nikasikia makofi na nyimbo kutoka chini ya ardhi. Nikaenda mbio na fimbo, nikawakuta upande wa kina kifupi, ambako sakafu haijainama sana, wamepanga mistari miwili, wanacheza nzango, mchezo wa wasichana wa huku. Miguu inarushwa, makofi yanapigwa, na zile kuta za vigae zinairudisha kila sauti mara mbili. Nilianza kufoka. Kisha nikaona ukingoni: watu wameketi kuzunguka pande zote, miguu inaning'inia ndani, kama jukwaa la uwanja. Hakuna mchora ramani ambaye angetupa kiwanja kizuri vile.

Tukaweka nondo kuzuia upande wa kina kirefu, na sheria mbili. Kila baada ya mvua maji yafagiliwe kwenye tundu la chini siku hiyohiyo, maana yakilala wiki moja tunafuga mbu. Na tundu liangaliwe kila Jumatatu, jani moja linatosha kuliziba. Baadaye wamama wa alfajiri wakaunda timu yao ya nzango na kuwashinda binti zao, jambo ambalo kartiye ililizungumza mwezi mzima.

Niliwaona wakuu wa komini watatu wakija na kuondoka. Wakati ule waliteuliwa kutoka juu, na kila mmoja alifika na watu wake na mikutano yake. Ukumbi walichukua bure, kwa simu, saa moja kabla. Kukataa sikuweza. Nilichoweza ni kuandika. Kila mara walipochukua, niliandika kwenye daftari tarehe, saa, kundi lililofukuzwa, na bei ambayo mtu mwingine angelipa, kisha kwenye safu ya malipo: sifuri. Mwisho wa mwaka nilijumlisha nikapeleka. Saa 212. Mkuu alisoma, akavua miwani, akauliza ni nani alinituma. Nikamwambia hakuna, ni hesabu ya mali ya komini. Mwaka uliofuata zilikuwa 90. Yule aliyemfuata zikarudi karibu 200, nami nikaandika vilevile.

Nilikabidhi funguo mwaka uliopita. Nilikwenda taratibu, nikamwonyesha aliyenirithi tundu la pisini, karatasi ya plastiki, orodha ya mafundi, na ubao. Alikuwa kijana mwenye adabu, alijibu ndiyo Mama kwa kila kitu.

Wiki iliyopita nilipita pale asubuhi nikielekea sokoni. Ubao bado upo, mwandiko mwingine. Wamama wapo saa 11 na nusu. Nzango ipo. Karate imerudi kwenye jioni tatu, sikushangaa. Nikashuka kwa kidole mpaka Jumanne asubuhi, kijumba cha wazee, na pale pameandikwa jina la chama fulani, kwa herufi kubwa, na chini yake wamepiga mhuri juu ya chaki. Mhuri juu ya chaki!

Yule kambo wa maharage alikuwa nje ya geti, amekaa juu ya jiwe, mikono juu ya fimbo. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona hajaingia.

"Walisema tungoje."

"Tangu lini, kambo?"

"Tangu Pasaka."

Nikamuuliza kama bado anayo maharage. Akapiga mfuko wa kulia. Yalikuwemo yote.

Lile daftari la kuhesabu vichwa nililiacha ofisini, kama inavyotakiwa. Nakala yake iko chini ya kitanda changu, na Jumanne nitakuwa kwenye lile jiwe mapema, nianze kuhesabu wanaoingia.